Fundi umeme wa Ngamiani na nyaya mbili za X-Trail yangu

Gari lenyewe ni Nissan X-Trail ya mwaka 2009, ile ambayo mafundi wanaiita T31, injini ya lita 2, gia otomatiki. Naishi Tanga mjini na mama yangu yuko Soni, kwa hiyo kila mwezi napanda Usambara mara moja au mbili. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kona zake: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na ukikutana na basi mmoja wenu anasubiri.

Jumapili moja ya mwezi wa pili nilikuwa nateremka kutoka Soni na wanangu wawili kiti cha nyuma. Nikapita juu ya shimo dogo tu. Papo hapo mshale wa spidi ukaanguka kwenye sifuri. Taa ya ABS, yaani ya breki zinazozuia tairi kujifunga, ikawaka, ya SLIP, yaani ya kuteleza, ikawaka, ya usukani ikawaka, na usukani wenyewe ukawa mzito mkononi. Halafu taa za mbele zikawaka zenyewe mchana kweupe, na feni ya rejeta ikaanza kunguruma kwa nguvu zote. Sekunde kama kumi hivi, kisha kila kitu kikarudi mahali pake. Nilisimama kwenye upana wa kwanza niliouona, nikazima gari, nikakaa kimya mpaka mwanangu mdogo akauliza, "Mama, tumefika?"

Nawaandikia kuhusu fundi aliyemaliza tatizo hili mwezi wa sita. Katikati hapo ni miezi minne, na pesa ambazo hazitarudi.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, U1000. Wakasema ni sensa ya ABS, kile kifaa kinachohisi mzunguko wa tairi, ya tairi la mbele kushoto. Ikabadilishwa. Baada ya siku nne, kwenye tuta la karibu na nyumbani, taa zote zikarudi. Nikarudi nayo, wakafuta kodi, wakabadilisha sensa ya kulia. Wiki moja, yale yale. Gereji ya pili nao wakachomeka mashine yao, wakaiona U1000 ile ile, na wao wakasema kontroboksi ya ABS, yaani kompyuta yake, imekufa, nitafute iliyotumika, shilingi 850,000 bila ufundi. Nikauliza, "Mmejuaje kama imekufa?" Jibu lilikuwa kwamba mashine ndiyo imesema.

Mimi kazi yangu ni maabara ya hospitali, mwaka wa 14 huu. Mgonjwa akija na homa hatumwandikii dawa ya malaria kwa sababu tu kipimajoto kimesoma 39. Homa inatuambia kuna jambo mwilini, haituambii ni jambo gani. Ndiyo maana lile jibu la "mashine imesema" lilinikaa vibaya kifuani. Mashine ilisema nini hasa? Sikuwa na mtu wa kunieleza. Nililiacha gari uani wiki tatu, nikawa nakwenda kazini kwa bajaji, na Soni sikwenda.

Dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali yetu ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi. Yuko Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu za namba, uani kwa mtu, hana kibao. Ameniomba nisiandike jina wala simu yake kwa sababu yuko na vijana wawili tu na magari tayari yanampanga foleni. Nimeheshimu hilo. Ukiuliza mafundi wa betri wa pale kwa "fundi umeme wa mwarobaini", watakuonyesha mti wenyewe.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nitulie: hakukimbilia mashine. Alivuta stuli, akasema, "Dada, nieleze tangu siku ya kwanza." Nikamweleza. Akawa anauliza kama daktari mzuri anavyouliza. Linatokea gari likiwa la baridi au la moto? Kwenye lami laini au kwenye matuta? Mvua ikinyesha inazidi? Kabla ya siku ile, gari liliguswa na nani, lilifungwa nini, redio, kamera, kifaa cha kufuatilia gari? Kisha akauliza swali ambalo gereji mbili hazikuliuliza kabisa: "Taa za mbele, ziliwaka zenyewe? Na feni?"

Nikamwambia ndiyo, zote mbili.

Akatabasamu, akamwambia kijana wake, "Lete mita." Ile maltimita ya kawaida tu.

Hapo nikaomba anieleze, naye alieleza bila haraka, mkono wake ukiwa juu ya boneti. Gari kama hili lina kompyuta ndogo nyingi: ya injini, ya ABS, ya usukani, ya gia, ya dashibodi, ya milango na taa, na ile iliyo pamoja na fyuzi na rilei kwenye chumba cha injini, ambayo Nissan wanaiita IPDM. Zamani kila swichi ilikuwa na waya wake mpaka kwenye taa yake. Sasa kompyuta hizi zote zinazungumza kwenye nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986, na miaka ya tisini mwanzoni ukaingia kwenye Mercedes-Benz kubwa, leo karibu kila gari jipya linao. Mshale wangu wa spidi haushikani na tairi kwa waya wowote. Kompyuta ya ABS inahesabu mwendo, inautangaza kwenye zile nyaya mbili, dashibodi inasikia na kusogeza mshale. Usukani nao unasikia, unajua upunguze au uongeze msaada. Zikikatika nyaya, dashibodi haisikii, mshale unaanguka. Sensa ni nzima, ABS ni nzima, tatizo ni kwamba hawasikilizani.

"Sasa U1000 maana yake ni hiyo tu," akasema. "Kompyuta inalalamika kwamba haiwasikii wenzake. Haikwambii nani kanyamaza wala waya umekatika wapi. Hiyo ni kazi ya fundi."

Na zile taa? IPDM ikiacha kusikia wenzake haijui tena kama ni usiku au mchana, wala kama injini inachemka. Kwa hiyo waliotengeneza gari waliipa amri ya usalama: ukibaki peke yako, washa taa za mbele na zungusha feni, bora taa ziwake mchana kuliko dereva abaki gizani kwenye kona. Taa zangu zilipowaka zenyewe, IPDM ilikuwa inasema imetengwa. Dalili ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na niliwatajia wote. Gereji ya kwanza hata hawakuandika.

Kipimo chenyewe nitakieleza kwa urefu, kwa sababu ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu.

Alifungua temino hasi ya betri. Akasubiri dakika chache. Akaniambia kwamba anayepima omu, yaani ukinzani wa waya, huku betri imefungwa anajidanganya, kwa sababu kompyuta bado ziko macho na zinapeleka umeme. Kisha akaenda kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, ile ambayo wote wanachomeka mashine, akatia ncha moja ya mita kwenye tundu la 6 na nyingine kwenye tundu la 14. Hayo ndiyo matundu ya nyaya mbili zenyewe. Kila mwisho wa njia ile kuna rezista ya omu 120. Zikiwa mbili na zimeungana sambamba, mita inatakiwa isome omu 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja haufikiki: ama rezista imekufa ama waya umekatika kabla ya kuifikia. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ikisoma 40, kuna mtu amefunga kitu chenye rezista ya tatu ambayo haikutakiwa kuwepo.

Nikauliza rezista za nini hasa. Akapiga kofi moja la mkono uani, kisha akaniuliza kama nimewahi kuongea kwenye chumba kitupu kisicho na fanicha. Sauti inagonga ukuta na kurudi, maneno yanapandana. Ndivyo ujumbe unavyofanya ukifika mwisho wa waya usiokuwa na rezista: unarudi, unagongana na unaofuata. Kwenye njia hizi ujumbe unakwenda biti 500,000 kwa sekunde, mwangwi mdogo tu unaharibu maneno. Ndiyo maana waya ukikatika karibu na IPDM hauitengi IPDM peke yake, unawavuruga wengine wote waliobaki.

Mita ikasoma 60.3.

Nilikata tamaa kidogo, nikadhani gari limetoka zima kama mgonjwa anayepona mlangoni kwa daktari. Yeye hakushtuka. Aliiacha mita pale pale imeshikiliwa na kijana, akanisogeza nione kioo chake, akaenda mbele kufungua boneti. Akaanza kushika fungu la nyaya kipande kwa kipande, taratibu, akilibonyeza na kulipinda kidogo. Kijana anasoma kwa sauti: "Sitini. Sitini. Sitini." Akafika ubavuni mwa betri. "Sitini. Mia na ishirini! Sitini. Mia na ishirini!"

Niliiona kwa macho yangu. Namba inaruka kila anapogusa sehemu ile isiyozidi urefu wa kidole. Hakuna aliyebahatisha, hakuna aliyesema "nadhani".

Betri niliinunua mwezi wa saba mwaka jana, dukani, wakanifungia hapo hapo. Ilikuwa pana kuliko ile ya Japani. Kona yake ya chini ilikuwa imelisukuma fungu la nyaya kwenye ukingo wa bati, na gari likitikisika linasaga. Alipofungua tepu nyeusi tukakuta nyaya mbili zilizosokotwa, mmoja wa bluu, mmoja wa waridi. Wa waridi ulikuwa mzima. Wa bluu, gamba lake lilikuwa limebonyea tu, halijapasuka, ungepita bila kuliona. Aliushika kwa vidole viwili akauvuta polepole, ukarefuka kama mpira. Ndani shaba ilikuwa imekatika, imebaki nyuzi mbili tatu zenye kutu ya kijani. Hewa yetu ya bahari nayo ilikuwa imepata mlango. Gari likiruka tuta, nyuzi zinaachana, likitulia zinagusana. Miezi minne ya maisha yangu ilikuwa imekaa pale.

Kazi ya kuunga aliifanya mwenyewe, hakumwachia kijana. Alikata sehemu iliyooza, akaunga kwa lehemu, akavalisha kila kiungo bomba la plastiki linalojikaza likipata moto, na viungo vya nyaya mbili hakuviweka sambamba ili visije vikakutana. Kisha akazisokota tena. Alisisitiza kwamba Nissan wenyewe wanataka sehemu iliyofumuliwa isizidi milimita 110, kwa sababu msokoto ndio kinga: kelele za umeme wa plagi na feni zikija zinazigusa nyaya zote mbili sawasawa, na kompyuta, kwa kuwa inasoma tofauti kati ya nyaya hizo mbili, haibabaishwi. Mafundi wengine wanavuta waya mpya pembeni, mmoja ulionyooka, wanaruka palipokatika. Gari linaweza kukubali siku hiyo na kusumbua mwezi ujao. Alimkataza kijana wake jambo hilo mbele yangu, kwa ukali kidogo, na mimi nilifurahi kuusikia ukali ule.

Akapima tena. 60.2, na haikuruka hata alipolipinda fungu lote kwa nguvu. Akafunga betri, akawasha swichi, akapima volti za kila waya dhidi ya bodi: wa bluu 2.6, wa waridi 2.4. Ukizijumlisha zinakaribia 5, akasema, na hivyo ndivyo zinavyotakiwa. Mwisho kabisa ndipo akaleta mashine. Akafuta kodi zote, akaingia kompyuta moja moja, injini, ABS, usukani, dashibodi, zote zikaitika. Kisha tukatoka wote barabarani, yeye anaendesha, akayatafuta matuta makusudi. Tulipita saba. Mshale haukutikisika.

Upimaji shilingi 40,000. Kuunga na kuitengenezea betri kikalio kipya chenye mpira, 55,000. Jumla 95,000. Wengine wataona elfu 40 ya kupima tu ni nyingi, na nilisikia mteja mmoja pale akilalamika kwamba "hajafunga hata spea". Mimi siko upande wake. Kupima ni kazi kamili. Aliyenifungia sensa mbili nzima badala ya nyingine nzima alichukua zaidi ya mara tatu ya hiyo, na kontroboksi ya 850,000 ingefungwa kwenye waya ule ule uliokatika. Fundi akikudai pesa ya akili yake mlipe, maana asiyeidai ataitafuta kwenye spea.

Nilipewa na karatasi. Si risiti yenye muhuri, ni ukurasa wa daftari la shule, lakini umeandikwa tarehe, kilomita za gari, vipimo kabla na baada, na mchoro mdogo wa mahali palipoungwa. Kwetu maabara jibu lisiloandikwa si jibu, kwa hiyo karatasi ile ilinigusa sana. Imo kwenye kisanduku cha dashibodi, na fundi mwingine yeyote akija kuligusa gari ataanza anapojua.

Kasoro zipo, na nazisema kwa nia njema. Mahali pa kukaa hakuna, ni stuli moja na kivuli cha mti, na kivuli kinahama. Nilifika saa 2 asubuhi, nikaondoka saa 9 alasiri, ingawa kazi ya gari langu ilichukua muda wa kama saa tatu tu. Magari mawili yalikuwa mbele yangu na hakubali kurukwa foleni hata kwa pesa. Simu hapokei akiwa kazini. Na hana uwezo wa kila kitu: alimwambia jamaa mwenye gari la Ulaya, waziwazi, kwamba kompyuta mpya ya gari lile inahitaji kuandikishwa kwa mashine asiyokuwa nayo, aende Dar es Salaam. Jamaa alikasirika. Mimi niliona huyo ni mtu wa kumwamini.

Vijana wake ni wastaarabu, wanaamkia, wanatandika kitambaa kwenye kiti kabla ya kukaa. Kwa mwanamke anayekwenda gereji peke yake hilo si dogo. Hakuna aliyeniambia "haya mambo mama huwezi kuyaelewa". Nilipouliza kuhusu tundu la 6 na la 14, kijana alinipa tochi niinamie nione mwenyewe.

Jambo moja kwa wenye kile kidude kidogo cha kuchomeka na kusoma kwa simu. Ninacho, nilikinunua mwezi wa tatu kwa hofu. Kwenye gari langu kilisoma injini peke yake na kuniambia hakuna tatizo, wakati taa zile zinawaka mbele yangu. Fundi alinieleza kwamba vingi vya bei rahisi vinaongea na injini tu, ABS na usukani haviwafikii. Vina kazi yake, ila kwa tatizo la mawasiliano kisikupe amani ya uongo.

Kwa kazi nampa nyota 5. Kwa mahali na muda, 3. Anafungua Jumatatu mpaka Jumamosi, Ijumaa anafunga mchana kwa swala na kurudi baada ya saa 8. Nenda mapema, beba maji, na kabla hujaondoka nyumbani andika kila ulichokiona siku gari lilipoharibika, hata taa iliyowaka ambayo hukuona maana yake, kwa sababu atauliza. Mimi nimeshapanda Soni mara tatu tangu siku ile, mara ya mwisho kwa mvua, na nikipita lile shimo bado mkono wangu unaukaza usukani. Unabaki mwepesi.